Gari la Zamani, Gesi Mpya: Yanayompasa Mwenye Gari na Fundi Kujua Kuhusu AC

Maandishi ya mazungumzo kwa wenye magari, madereva na mafundi wa gereji wanaofanya kazi kati ya Kitale na Bungoma



Mazungumzo haya yanahusu kiyoyozi cha gari, au AC kama inavyoitwa gereji. Yanahusu hasa magari ya zamani, yaliyoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990, ambayo bado yanabeba watu na mizigo katika barabara ya Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye hadi Bungoma. Mengi ya magari hayo, ikiwa yalikuja na AC, yalitoka kiwandani na gesi inayoitwa R-12. Matumizi ya gesi hiyo yalikomeshwa. Mwenye gari la aina hiyo akitaka baridi tena, hana budi kuhamia gesi nyingine, na inayotumika zaidi kwa kazi hiyo ni R-134a.

Jambo kuu la kushika ni moja. Kuhamia R-134a ni kazi yenye hatua zake, na ni tofauti kabisa na kuongeza gesi. Anayelipia gesi peke yake hupata baridi ya siku chache, kisha hulipia kompresa nzima.

AC ya nini katika mji wenye baridi?

Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma takriban mita 1,400. Si ajabu mtu wa Kitale akiuliza AC ni ya kazi gani wakati asubuhi anatoka na sweta.

Kazi iko. AC hupoza hewa na pia huikausha. Mvua inaponyesha na abiria wamefunga madirisha, kioo cha mbele hujaa ukungu. Hewa iliyokaushwa na AC huondoa ukungu huo upesi kuliko kitambaa, na dereva huona barabara. Wakati wa kiangazi, AC humwezesha dereva kufunga madirisha dhidi ya vumbi. Na gari linaloteremka kutoka Kitale kupitia Kapenguria kwenda Lodwar huacha baridi nyuma na kuingia kwenye joto linalomchosha dereva kabla ya nusu ya safari.

Tena AC isiyowashwa kwa miezi mingi huharibika yenyewe. Ndani ya kompresa kuna sili inayozuia gesi isitoke pale shafti inapopita, na sili hiyo huhitaji oili. AC ikikaa bila kuzunguka, sili hukauka na gesi huanza kuvuja polepole. Wenye magari wanashauriwa kuiwasha kwa dakika chache kila wiki, hata wakati wa baridi.

Kwa nini gesi ya zamani ilikomeshwa

R-12 ilipendwa kwa sababu haiwaki moto, haina harufu kali na hupoza vizuri. Tatizo lake lilikuwa juu angani. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo hupanda hadi kwenye tabaka la ozoni, huvunjwa na mionzi ya jua na kuachilia klorini. Klorini hiyo huivunja ozoni. Mwaka 1985 watafiti Waingereza walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika ilikuwa imepungua vibaya.

Tabaka la ozoni huzuia mionzi mikali ya jua inayosababisha saratani ya ngozi na mtoto wa jicho, na inayodhuru mimea. Ndiyo maana tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yalikubaliana Mkataba wa Montreal wa kukomesha kemikali hizo. Kenya ilijiunga na mkataba huo Novemba 1988, na sekretarieti yake iko Nairobi, katika makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi tarehe 1 Januari 2010 kukomesha R-12 na jamaa zake. Hapa nchini, Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 ilifuatwa mwaka 2007 na kanuni za kudhibiti kemikali hizo, chini ya usimamizi wa NEMA.

R-134a haina klorini, kwa hiyo haigusi ozoni. Hata hivyo nayo ina lawama yake, kwa kuwa huzuia joto la dunia lisitoke. Kilo moja ya R-134a ikiachwa hewani hufanya kazi ya takriban kilo 1,430 za hewa ya ukaa katika miaka 100. Kwa R-12 hesabu hiyo hupita kilo 10,000. Hii ndiyo sababu mataifa yalikutana tena Kigali mwezi Oktoba 2016 na kukubaliana kupunguza gesi za jamii ya R-134a pia. Gari la zamani linaweza kuendelea na R-134a, lakini kila gramu yake inapaswa kukaa ndani ya mabomba.

Kujua gari lina gesi gani

Hatua ya kwanza ni kufungua boneti na kutafuta kibandiko cha AC. Mara nyingi huandikwa aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Kikiwa kimebanduka, fundi aangalie vichwa vya kujazia gesi. Vichwa vya R-12 vina nyuzi za kukazia mpira kama nati. Vya R-134a ni vinene zaidi, havina nyuzi za nje, na mpira hushika kwa kubofya. Pia kile cha upande wa presha ya juu na kile cha upande wa chini havilingani, ili fundi asivichanganye.

Lakini vichwa vinaweza kudanganya. Gari lililopita mikononi mwa wenyewe watatu au wanne linaweza kuwa na vichwa vipya juu ya mfumo ambao haukubadilishwa kitu kingine. Ndiyo maana fundi mzuri huuliza historia ya gari kabla ya kushika spana.

Kinachotokea gesi mpya ikiwekwa juu ya oili ya zamani

Chukua mfano wa mwenye gari la mwaka 1989. AC imeacha kupoza. Anaingia gereji, anaambiwa gesi imeisha, anawekewa R-134a na kuondoka akiwa ameridhika. Mwezi wa pili baridi imepungua, anaongezewa. Mwezi wa nne kompresa inapiga kelele, kisha inakwama, na mkanda unaanza kunuka moshi. Anaambiwa gari ni la zamani. Kilichomponza hasa ni oili.

Kompresa haina tangi lake la oili kama injini. Oili yake huzunguka pamoja na gesi na kurudi. R-12 hubeba oili ya kawaida ya madini, huyeyuka nayo na kwenda nayo popote. R-134a haichanganyiki na oili hiyo. Oili hubaki imetuama mahali pa chini katika mabomba, kompresa inazunguka kavu, na vyuma vinasagana. Unga wa chuma husambaa na kuziba valvu ndogo inayoachilia gesi kuelekea kwenye kipoza hewa nyuma ya dashibodi. Hapo hasara imeshazidi kompresa peke yake.

Na kwa kuwa gesi ya kwanza iliisha kwa kuvuja, nyingine itafuata njia hiyohiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatua za kazi iliyo kamili

Kwanza, gesi iliyobaki itolewe kwa mashine ya kuvutia gesi na kuhifadhiwa kwenye mtungi wake. Isifunguliwe tu iende na upepo. R-12 hukaa angani kwa takriban miaka 100, kwa hiyo kinachoachiliwa leo uani mwa gereji kitakuwa bado kinafanya madhara wakati wa wajukuu. Gereji isiyo na mashine hiyo impeleke mteja kwa iliyo nayo.

Pili, kuvuja kutafutwe na kuzibwa. Mfumo hujazwa nitrojeni kavu kupitia regileta ya presha, kisha kila kiungo hupakwa maji ya sabuni. Povu likitokea, pale ndipo mahali penyewe.

Tatu, oili ya zamani itolewe. Kompresa ifunguliwe na kumwagwa oili yake, na mabomba yasafishwe kwa dawa inayofaa kazi hiyo. Oili mpya huwa ya aina mbili, PAG au esta. Esta huvumilia zaidi mabaki machache ya oili ya madini, ndiyo maana mafundi wengi huipendelea kwa magari yanayobadilishwa. Zote mbili hunyonya unyevu wa hewa, hasa PAG. Kopo lililoachwa wazi tangu wiki iliyopita halifai tena. Kiasi kifuate kitabu cha gari au cha kompresa.

Nne, oringi za viungo vyote vilivyofunguliwa zibadilishwe kwa zile zinazofaa R-134a. Mara nyingi mpya huwa za kijani, ingawa rangi peke yake si ushahidi. Mwenye duka la spea aulizwe kama ni za R-134a.

Tano, draya ibadilishwe. Hili ndilo kopo dogo la chuma lenye chembe zinazonyonya maji. Chembe za draya nyingi za zamani hazipatani na R-134a wala oili yake. Zinaweza kubomoka na kutapakaa katika mfumo. Draya ni spea ndogo ukiilinganisha na kompresa, na kuiacha ili kupunguza gharama ni ile rahisi inayogeuka ghali.

Sita, vichwa vya kujazia vya R-134a vifungwe juu ya vile vya zamani, ili fundi wa kesho asiunganishe mtungi usiofaa.

Saba, mfumo uvutwe kwa pampu ya vakyumu kwa muda usiopungua dakika 30, na zaidi ikiwa ulikaa wazi. Kisha pampu izimwe, valvu zifungwe, na geji iangaliwe kwa dakika kadhaa. Mshale ukirudi nyuma, bado kuna mahali panavuja au kuna maji ndani.

Nane, gesi ijazwe kwa mizani. R-134a huhitaji takriban asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R-12 ulioandikwa kwenye kibandiko. Gari lililoandikiwa gramu 1,000 litaanziwa na kama 800, kisha kuongezwa polepole huku presha ikiangaliwa. Kile kioo kidogo juu ya draya, ambacho mafundi walizoea kujaza hadi povu liishe, kisifuatwe tena. R-134a inaweza kuonyesha povu au weupe hata kiasi kikiwa sawa, na anayefuata kioo huishia kujaza kupita kiasi.

Tisa, kibandiko kipya kibandikwe chini ya boneti, chenye aina ya gesi, uzito, aina ya oili, tarehe na jina la gereji.

Baada ya hapo, feni na kondensa viangaliwe. Kondensa ni ile rediata nyembamba iliyo mbele ya rediata ya maji. R-134a hufanya kazi kwa presha ya juu zaidi wakati wa joto, hivyo kondensa iliyojaa tope na wadudu, au feni inayozunguka kivivu, huonekana mara moja kwa baridi hafifu gari linaposimama kwenye msongamano. Magari mengine huhitaji kondensa ya kisasa ndipo yapoze vizuri. Mwenye gari aambiwe hivyo mapema.

Geji ya Kitale haisomi kama ya Mombasa

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi havilitaji, kwa sababu viliandikiwa watu wa nyanda za chini. Vitabu husema pampu nzuri ivute hadi inchi 29 au 30 kwenye geji. Hiyo ni kweli Mombasa. Geji ya kawaida hupima tofauti kati ya ndani ya mfumo na hewa ya nje, na hewa ya nje hupungua kadiri mtu anavyopanda. Bungoma, pampu ikivuta kila kitu, geji itaishia karibu inchi 25. Kitale itaishia karibu inchi 24.

Fundi asiyejua hilo anaweza kuilaumu pampu nzima, au kubomoa viungo vizuri akitafuta kuvuja kusikokuwepo. Cha kuangalia ni kama mshale umefika mwisho wa eneo lake na kukaa pale baada ya pampu kuzimwa.

Baridi ya Kitale nayo ina neno lake. Pampu huondoa maji kwa kuyafanya yachemke katika vakyumu, na maji ya baridi huchemka kwa shida zaidi. Kazi hii ifanywe adhuhuri, au baada ya injini kupasha moto eneo la boneti, kuliko saa moja asubuhi.

Makosa yanayoweza kuua

Gesi ya kupikia isiwekwe kwenye AC ya gari, hata kama inapoza. Kipoza hewa kiko ndani, mbele ya miguu ya abiria. Kikivuja, gari lililofungwa madirisha hujaa gesi inayowaka, na cheche moja ya swichi inatosha.

Oksijeni ya kuchomelea isitumike kupima kuvuja. Oksijeni ya presha ikikutana na oili inaweza kulipuka. Hewa ya kompresa ya magurudumu nayo ina maji, haifai.

Kopo la gesi lisiunganishwe upande wa presha ya juu huku injini ikinguruma. Presha ya gari itarudi ndani ya kopo na kulipasua mkononi.

Fundi avae miwani na glavu, kwa kuwa gesi inayotoka kwa kasi hugandisha ngozi na inaweza kupofusha jicho. Kusiwe na sigara wala moto karibu, kwa maana gesi hizi zikipita kwenye moto hutoa moshi wenye sumu.

Hatimaye, gesi ya magari ya kisasa kabisa, R-1234yf, isijaribiwe kwenye gari la zamani. Huweza kushika moto, na mfumo wa zamani haukuundwa kwa ajili yake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mwenye gari si lazima ajue ufundi. Inatosha aulize maswali sita: Gesi ya zamani itatolewa kwa mashine gani? Imevuja wapi? Oili itakayowekwa ni ya aina gani? Draya na oringi zitabadilishwa? Mfumo utavutwa kwa dakika ngapi? Gesi itapimwa kwa mizani?

Fundi akijibu bila kusita, mwenye gari yuko mahali pazuri. Aombe makadirio yaliyoandikwa, kila spea na bei yake, pamoja na risiti, na aombe kuonyeshwa draya na oringi zilizotolewa. Ikiwa gharama yote inakaribia thamani ya gari, au kompresa imeshasagika, ni haki yake kuacha AC ipumzike na kuweka pesa hizo kwenye breki na magurudumu. Kioo chenye ukungu bado kinaweza kusaidiwa kwa hita na dirisha lililofunguliwa kidogo.

Wajibu wa kila mmoja

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka udhibiti wa uchafuzi wa hewa na vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo gesi inayoachiliwa uani mwa gereji, na kijana anayejifunza kazi hapo bila miwani wala mizani, ni mambo ya wakazi wa kaunti. Fundi aliyejifunza kazi kwa mikono anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA na kupata cheti cha daraja lake. Vijana wa eneo hili wanaotaka kujifunza ufundi kwa utaratibu wana Kitale National Polytechnic upande mmoja, na Sang'alo upande wa Bungoma.

Mwenye gari naye ana uwezo mkubwa kuliko anavyodhani. Gereji hufanya kile wateja wanachokilipia. Wateja wakiendelea kuomba gesi ya haraka, watapewa gesi ya haraka. Wakianza kuuliza habari za draya na mizani, gereji zitanunua mizani.